Kata ya Kwanza

Kilabu chetu kipo kwenye jengo la mawe walilojenga Wajerumani kuhifadhia kahawa. Wageni husimamisha magari, wakapiga picha kuta, wakaondoka bila kununua hata kata moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mama aliwaita wapenda mawe. Alikiendesha kilabu hicho tangu baba alipofariki, mimi nikiwa bado shuleni, mpaka alipofariki yeye mwaka jana.

Sikulia msibani. Nilipika, nikapokea watu, nikawaaga, nikaosha masufuria. Walinisifu kwa ujasiri na sifa hizo ziliniudhi, maana hapakuwa na ujasiri wowote. Hapakuwa na kitu. Chakula nilikitafuna kama karatasi.

Baada ya wiki tatu baba mdogo akaniita. Jengo ni la ukoo, na kuna mtu wa mjini alitaka kulipanga awauzie watalii kahawa.

"Mwanangu, wazee wenzangu wa ukoo wanasema kilabu kimekufa na mama yako," alisema. "Pika mbege. Jumamosi tutakuja kunywa, halafu tutaamua."

Nikamwambia sawa. Sikutaka kurudi kwenye chumba changu cha kupanga kule Lemara. Hilo tu ndilo nililokuwa na uhakika nalo.

Nikachemsha ndizi, nikaziacha zichachuke, nikapika uji wa kimea cha ulezi, nikachanganya. Mbege ikishachanganywa hunywewa kesho yake. Mimi nilichanganya Jumatano. Siku zilikuwa zimeshikana kichwani, wala sikugundua.

Jumamosi mchana wazee tisa wakakaa kwenye mabenchi. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, wanywaji wakimwangalia, ndipo ampe mtu. Nikachota kwa kata, kile kibuyu cha kunywea, nikapiga funda moja. Sikusikia ladha yoyote.

"Iko vizuri," nikasema.

Baba mdogo akapokea. Akanywa, akampa wa pili. Kata ikazunguka ikarudi tupu, wakaomba nyingine. Wakaongea habari za mvua na za ng'ombe wa mtu fulani kule Oldonyo Sambu. Niliona kuwa nimefaulu, lakini niliona kwa mbali, kama ni habari za mtu mwingine.

Ndipo akaingia mama jirani, anayechoma nyama pale nje. Akajichotea mwenyewe, akaenda kutema mlangoni.

"We dada! Si siki hii? Umewapa wazee siki?"

Nikawatazama. Hakuna aliyeniangalia. Mmoja alikuwa anakagua kiatu chake kwa makini, kana kwamba amekinunua leo.

"Baba mdogo, mbona hamkuniambia?"

"Kaka yangu alipofariki, mama yako alitunywesha siki wiki mbili nzima," baba mdogo akajibu. "Tulikunywa. Wiki ya tatu ikawa mbege."

"Na jengo? Mmeamuaje?"

"Si unaona tunakunywa?" Akaninyooshea kata tupu. "Haya, lete. Ila onja kwanza."

Nikachota, nikaonja. Ilikuwa kali hata nikakunja uso, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama nikalia, kata iko mkononi, mbele ya wazee tisa wanaosubiri kunywa.