Hoja Niliyomsomea Mama

Mwalimu wetu wa stadi za mawasiliano, chuoni Bariadi, alitaka kila mmoja apange insha ya kuishawishi serikali juu ya jambo moja. Msimamo kwanza, kisha hoja, kisha maneno ya anayepinga na jibu lake. Wenzangu walichagua barabara, mikopo ya wanafunzi, bodaboda. Mimi nikachagua chupa za dawa ya pamba. Mmoja akaangua kicheko, "Chupa? Makubwa haya!" Nikamwambia anyamaze, na sikumwambia kwa upole.

Kwetu Zagayu, dawa ya kupulizia pamba ikiisha chupa haitupwi. Ni ngumu, mfuniko unabana, haivuji hata ukiifunga kwenye baiskeli. Mama alikuwa anaisugua kwa majivu na mchanga, anaisuuza, anaianika juani mpaka harufu iishe, ndipo inakuwa ya maji ya shambani. Kila nyumba inafanya hivyo. Mwaka juzi, wakati wa palizi, mdogo wangu wa mwisho alipewa ya kwake peke yake, ndogo, akaringa nayo njia nzima.

Jioni ile jasho lilimtoka, mate yakamchuruzika, akawa hawezi kusimama. Alifariki tukiwa naye zahanati. Tabibu alimvuta baba pembeni akamwambia ni dawa ya pamba, na baba akaniambia mimi tu. Msibani watu walisema malaria imempanda kichwani. Mama akaitikia malaria, na baba akamwacha aitikie. Mimi nilibaki na hasira, hata sijui nilimkasirikia nani.

Basi msimamo wangu ulikuwa huu: anayetaka dawa mpya arudishe kwanza chupa tupu, na serikali ikazikusanye. Wikiendi nikarudi nyumbani na mpango wangu. Baba aliusikiliza uani, akatikisa kichwa.

"Mama yako usimsomee."

"Kwani nimemlaumu wapi? Hoja yangu kubwa ni kwamba hata uoshe vipi, dawa imeshaingia kwenye plastiki. Mwoshaji hana kosa. Namtetea, baba!"

"Mtetee hukohuko Bariadi," akasema, akaenda kufungua ng'ombe.

Nilichukia. Niliona wazee wangu wanaogopa kusema, na mtoto wao yuko kaburini. Nyumba nzima ilikuwa imejaa kimya, na mimi kimya sikiwezi.

Mama alikuwa ndani, ameketi kwenye mkeka anachambua pamba, safi huku, chafu kule.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma chetu.

"Karibu, msomi wangu. Umekonda! Huko chuoni mnakula karatasi?" Tukacheka. Akaniuliza ninasoma nini siku hizi. Nikamwambia natafuta mtu wa kunipinga kwenye insha ya chupa za dawa. Akasogeza pamba pembeni, akajikalisha vizuri.

"Basi nitakupinga mimi. Haya, andika. Chupa haina neno. Wenye neno ni wavivu, wanaosuuza mara moja wanajaza maji. Anayeosha vizuri chupa yake ni safi kama sufuria. Mimi hapa, nani ananishinda kuosha?"

"Hakuna, mayu."

"Eeh! Umeshashindwa. Jibu lako liko wapi?"

Ningeweza kusema jibu bado sijaandika. Lakini nilimpenda sana wakati ule, alivyokuwa anajisifia, na nikataka ajue kwamba hana kosa lolote. Nikamsomea. Kwamba dawa hunywewa na plastiki yenyewe. Kwamba mama mwangalifu na mama mvivu wako sawa mbele ya chupa ile. Kwamba asilaumiwe aliyeosha.

Aliacha kuchambua.

"Hata ukisugua kwa majivu?"

"Hata kwa majivu, mayu. Ndiyo maana nasema si kosa la mtu."

"Na kuanika juani?"

"Haisaidii."

Nje baba alikuwa anawapigia ng'ombe mluzi. Mama alishika pamba mkononi, hakuitupa huku wala kule. Nilianza kuogopa. Nikamwambia tena kwamba hana kosa.

"Nilikuwa nalala," akasema. "Siku zote hizi nilikuwa napata usingizi, kwa sababu niliiosha."