Ndizi Mbivu Ndani ya Difu

"Krrr!" Bado nasikia difu ya pikapu kuukuu ya baba, lile kasha la gia kwenye ekseli ya nyuma, ikisaga tulipopanda mlima wa Masimba. Gari hilo lilitulisha, na kila liliposaga baba alikunja uso. Nilimhurumia. Madereva stejini walikuwa wakisema ndizi mbivu hunyamazisha difu, nikaamini. Sabato moja nikasingizia kuumwa kichwa, wengine wakaenda kanisani, nami nikafungua nati ya difu ya kutilia oili nikashindilia ndizi humo.

Kweli, ikanyamaza. Baba akapakia majani chai akiimba. Mlimani, nami nimeketi kando yake, gari likagoma.

Fundi akafungua difu, akanusa. "Mzee, hii gari unalisha ndizi? Meno yote yamekatika!"

Baba akanigeukia. "Moraa, ni wewe?"

Nikakiri kwamba ni mimi.

Baba na fundi walipoondoka kutafuta difu nyingine, nilichota petroli, nikaosha yale meno yaliyokatika peke yangu. Yalinukia ndizi.