Vigingi vya Dada

Dada yangu anafanya kazi idara ya maji, kwenye dirisha la malalamiko. Kutwa nzima watu wanamsukumia bili kupitia kitundu cha kioo. Maji hayatoki ila bili zinatoka, na yeye, ambaye hajawahi kugusa bomba la mtu, ndiye anayetukanwa. Mafundi hawaonekani. Mkubwa wake ana ofisi yenye mlango wa nyuma. Dada ana kiti kinachoyumba na jibu moja aliloamriwa kulitoa: njoo kesho.

Nimemwambia mara nyingi kwamba jibu hilo ni dhuluma, na kwamba mtumishi wa umma ana wajibu wa kukataa kulisema.

"Ukimaliza hotuba, nipishe nipite," husema, kisha huvua viatu na kuwasha gemu.

Gemu yenyewe ni ya michezo ya familia, haina damu wala bunduki. Ina tenisi, ina gofu, lakini yeye hucheza mchezo mmoja tu, ule wa kuviringisha mpira kuangusha vigingi. Husimama katikati ya sebule na sare yake ya kazi, mkononi rimoti inayohisi mwendo wa mkono, akarudisha mkono nyuma na kuuachia mbele, na kwenye televisheni mpira ukaanza safari. Vigingi vikianguka, kikaragosi chake chenye miwani hurukaruka. Visipoanguka hupangwa upya, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Anachotaka ni hicho tu, nafasi ya kukosea bila kugombezwa. Katika nyumba yetu hata hicho hapati.

Baba ni mwalimu mstaafu wa michezo, na tangu astaafu hajapata wa kumpulizia filimbi.

"Kunja goti, mwanangu."

"Baba, mashine haioni goti."

"Mimi naliona."

Naye Shangazi, aliyekuja kutusalimia tu na bado yupo, hukaa kwenye kochi akiuliza Dada anashindana na nani. Akiambiwa hashindani na mtu, hutikisa kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Mtu mzima anacheza peke yake. Ndiyo maana hata wachumba..."

"Shangazi."

"Haya, nimenyamaza. Zamu yangu lini?"

Juzi bomba kubwa lilipasuka mjini, na mtu mmoja akapiga kioo cha Dada kwa ngumi hadi kikapata ufa. Kibao cha dirishani nacho kilikatika kamba, kikaanguka. Alirudi nacho nyumbani, akakiweka mezani, akaniomba nikifunge kamba nyingine. Nilipokuwa nafunga akawasha gemu, kumbe Baba ameshamwandalia mashindano. Alimtaka acheze na Shangazi, yeye mwenyewe awe mwamuzi.

Dada hakubisha. Akarusha. Mpira ukapinda, ukaingia mferejini kando ya njia yake.

"Si nilisema? Goti."

"Mpishe mwenye kujua," Shangazi akadakia, mkono tayari umenyooshwa kupokea rimoti.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasimama nikaanza kuwaeleza kwamba mfanyakazi ana haki ya kupumzika, kwamba haki hiyo haiombwi, na kwamba unyonyaji huanzia nyumbani.

"Mdogo wangu," Dada akasema, "unanikinga. Sioni vigingi."

Akakichukua kile kibao mkononi mwangu, akakining'iniza kwenye kona ya televisheni. Kilikuwa kimeandikwa: DIRISHA LIMEFUNGWA.

Baba akakisoma. Maisha yake yote ametii vibao. Akakohoa, kisha akauliza kwa adabu kabisa, "Linafunguliwa lini?"

"Njoo kesho, mzee wangu." Ilikuwa sauti ya ofisini, tambarare, isiyo na pa kushika.

"Lakini mimi nimekaa hapa tangu jioni," Shangazi akaanza.

"Kesho, mama. Tafadhali."

Baba akainuka, akamshika Shangazi mkono. "Twende jikoni, dada. Hawa ukibishana nao ndiyo wanakuchelewesha zaidi."

Nilibaki nikitabasamu, nikijua mimi na Dada tuko upande mmoja. Akanigeukia.

"Na wewe."

"Mimi sina lalamiko."

"Kesho."

Nikatoka. Nikiwa koridoni nikausikia mpira ukiviringika, ukaviringika, kisha ukatumbukia mferejini bila kugusa kitu. Jikoni, Baba alifungua mdomo. Shangazi akamkanyaga mguu.