Namba Sita Nilizozisoma Mwenyewe

Mwanangu, kuna siku moja sijaisahau mpaka leo. Nilikuwa bado kijana, lakini garaji yangu hapa mtaani kwetu Buyenzi ilikuwa imeshasimama. Shule niliacha darasa la tatu, na bado injini zilizowashinda wenye diploma nilizitambua kwa sikio tu. Wenye magari walinitafuta kutoka mitaa ya mbali, Kinindo mpaka Mutanga Nord. Kitu kimoja nilikificha: kusoma kulinishinda. Mesaji zangu zote nilituma kwa sauti, nikisema mikono ina mafuta.

Siku hiyo mtu akanipigia, mpole kabisa. "Patron, namba za mtihani za mutoto wangu zimeanguka kwenye telefone yako kwa makosa. Nisomee tu, Mungu akubariki."

Nikatazama. Kifaransa kingi, na katikati namba sita. Mke wangu Aisha, aliyemaliza sekondari, alikuwa mlangoni anachambua maharage. Ningempa asome. Lakini nimuulize mke mbele ya wateja wawili? Namba nazijua. Nikazisoma moja moja, kifua mbele.

Sijafunga boneti, WhatsApp yangu ikanifungia nje. Mara wateja wakaanza kunipigia: "Fundi, umelazwa hospitali gani?" Aisha akachukua telefone, akaisoma ile mesaji polepole: namba hizi ni za kufungulia WhatsApp yako, usimpe mtu yeyote. Mwizi alikuwa ameshavaa jina langu, anawaomba watu wangu pesa za operesheni.

Hapo nikamkumbuka Bibi Zuhura, mjane aliyenipa kona ya uwanja wake nilipoanza na spana mbili. Alikuwa anajiwekea pesa za kutibiwa macho, na mimi hajawahi kuninyima kitu. Nampigia, hapokei. Nikakimbia, mi patron mzima, mwenye garaji, na ndala ya mguu mmoja, mpaka kwa wakala wa pesa za telefone aliye jirani na kwake. Nikamkuta Bibi kasimama pale, noti ziko kwenye fundo la kitenge.

"Bibi, usitume. Mi niko mzima."

Akanipapasa uso. "Huyu wakala kanisomea mesaji yako, nikamwambia angoje," akasema. "We Hamisi, tangu lini unaandika? Tena Kiswahili cha redio? Unanitumiaga sauti, na nyuma nyundo inagonga. Nikasema, bila nyundo situmi."

Wakala akacheka. Bibi akataka kujua yote, nikamweleza.

"Na Aisha alikuwa pale?"

"Alikuwa pale."

"Basi apana sema umeibiwa. Mlango umeufungua wewe mwenyewe, kwa kumuonea haya mke wako."

Mteja mmoja wa Mutanga Nord alikuwa ameshamtumia mwizi pesa. Hakurudi tena garajini kwangu.

Wewe unasoma kunishinda, mwanangu, lakini usijiamini sana. Namba iliyoletwa kwenye telefone yako ni ufunguo wako. Hata mtu akilia, usimsomee. Mesaji usiyoielewa, mpe wa nyumbani akusomee, kuona haya utaona baadaye. Ndugu akiomba pesa kwa maandishi, mpigie kwa namba yake unayoijua, umuulize jambo mnalolijua nyinyi wawili tu. Na anayekuharakisha, mwache angoje. Juzi tu wamenipigia tena, sauti ileile ya upole. Nikampa Aisha telefone mbele ya wateja wote.

Mungu akukinge na wanaotaka kuvaa jina lako, akupe nyumbani mtu wa kumuuliza bila haya, na huko nje mtu anayeijua nyundo yako. Amina.