Constance na Redio ya Gari la Maziwa

Kwetu Kitshanga, fundi redio Constance alikuwa na jina ambalo hakulipenda: Écran Noir, yaani kioo cheusi. Mwaka jana alikuwa anaweka programu mpya katika redio ya gari la shemasi Hubert, na kazi ikiwa katikati shemasi akazima gari ili asikie simu vizuri. Redio haikuwaka tena. Kosa lilikuwa la shemasi, jina likabaki kwa Constance. Alishaamua: ikimfia redio nyingine, anafunga duka na kurudi kulima maharagwe kwa mama yake.

Jumanne asubuhi akaja Papa Gasana na gari lake la maziwa. Redio yake ilikuwa inajizima katikati ya kila wimbo.

"Inataka mise à jour, programu mpya," Constance akasema.

Aliichomoa, akasoma namba iliyoandikwa nyuma, akailinganisha na ya faili ya programu hiyo herufi kwa herufi. Faili ya redio nyingine iliyofanana nayo aliiacha. "Hizi ni mapacha, Papa. Ukimupa mumoja dawa ya mwingine, anakufa." Kisha akafuta kila kitu kwenye kle ya Gasana, kile kijiti cha USB cha nyimbo, akaweka faili ile moja tu.

"Na nyimbo zangu za korali?"

"Iko kwa telefone yangu. Zitarudi."

Akairudisha redio mahali pake, akachomeka kle, akataka moteri iwake ili betri isichoke.

"Sasa Papa, shuka, keti pale kwa kiti. Usikate kontakti, usiguse ufunguo, mpaka niseme."

"Unanikalisha kama mutoto?"

"Kama shemasi."

Wauza nyanya wa jirani wakacheka.

Kazi ilipofika asilimia arobaini, ng'ombe wa mfugaji Karangwa wakatokea barabarani, ndama wakiwa mbele. Gasana ni mtoto wa wafugaji. Mbele ya ndama huzima gari siku zote.

"Gasana, zima! Ndama zinaogopa!" Karangwa akapiga kelele.

Gasana akainuka, mkono wake ukaingia dirishani kwenda kwenye ufunguo. Constance akaudaka.

"Papa, utaniua! Kama zinaogopa moteri, zipe kitu ingine ya kusikiliza!"

Gasana akamtazama, akatoa mkono. Akasimama katikati ya barabara, akaanza kuwaita ng'ombe kwa majina, kama baba yake alivyokuwa akifanya jioni za kukamua: Gaju, Bihogo, Gitare. Wakamfuata upande wa pili wa barabara, taratibu. Ndama mmoja tu alisimama kunusa gurudumu, naye akasukumwa.

Asilimia mia. Kioo kikawa cheusi.

"Écran Noir!" muuza nyanya mmoja akaita.

Constance hakugusa kitu. Alijua redio hujizima na kuwaka upya kazi ikiisha. Akahesabu hadi kumi na tisa. Kioo kikawaka.

Alirudisha nyimbo za kwaya kwenye kle, wakasikiliza tatu mpaka mwisho, hakuna uliokatika. Gasana akaondoka akiimba. Alipowafikia ng'ombe wa Karangwa pale juu, akazima gari, nyimbo zikanyamaza. Ng'ombe walipopita akawasha, na korali ikaendelea palepale ilipoachia.

Kesho yake mwenye teksi mmoja alisimama mlangoni, akauliza kwa aibu kama duka la Écran Noir ni hapa.

"Ndiyo hapa," Constance akajibu. "Acha moteri iwake, kaka. Shuka, keti pale."