Nilivyoshinda Mjadala, Geti la Kura Likafungwa

Ninyi ni watu wangu, na nisipowasimulia mimi mtasimuliwa na wengine kwa chumvi nyingi, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe. Kuna njia moja hapa Tunduma siku hizi siipiti mchana. Ni ile inayopita mbele ya shule ya msingi, ambako ndiko kilikuwa kituo chetu cha kura. Nikipita pale hakosi mtu wa kuniuliza, kwa upole kabisa, "Da Vero, Zambia mlimchagua nani?" na wenzake wanainama kucheka. Na mimi nacheka nao (nifanyeje?), halafu nikifika saluni nakaa kwanza kwenye benchi la nje ndipo nafungua mlango. Tena afadhali kuchekwa, kuchekwa nimeshazoea.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa mwenyekiti wa mtaa tu. Ukimwambia mtu wa mbali kwamba ulikunyima usingizi atakuona huna kazi. Lakini wa kwetu ulitazamwa, jamani. Watu wa Vwawa walikuwa wanapiga simu kuuliza hali ikoje, madereva waliokwama foleni ya mpakani wanabishana mpaka wanashikana mashati na kura hawana, na hata Nakonde ng'ambo, kwenye duka ninakonunua rasta, mwenye duka Mzambia aliniuliza kama yule mama wa malori atashinda. Sababu ilikuwa malori. Ilifunguliwa yadi ya kuegesha mtaani kwetu, mwenyekiti aliyekuwepo akaibariki, basi matela yakaanza kukatiza kwenye njia ya udongo ambayo watoto wetu wanapita kwenda shule, njia yenyewe nyembamba, upande huu ukuta na upande huu mtaro.

Mama Nambela ni jirani yangu, mjane, alikuwa anauza mitumba. Mwanawe wa kwanza, Fadhili, aligongwa kwenye njia ile akienda shule mwenyewe, na tela lililokuwa linarudi nyuma. Alikuwa darasa la tatu. Dereva alisema hakumwona, na mimi naamini hakumwona, ndilo linaloniumiza. Msiba ulipokwisha Mama Nambela akaenda ofisi ya mtaa kuomba malori yazungushwe barabara ya nyuma, akaambiwa asubiri kikao, akasubiri, kikao hakikuitishwa, naye akaenda kuchukua fomu ya kugombea. Sera zake hazikuwa kumi. Alikuwa na moja tu, malori yatoke kwenye njia ya watoto kabla ya Januari, kwa sababu Januari ndipo Tumaini, mdogo wake Fadhili, angeanza darasa la kwanza.

Siku ya uchaguzi asubuhi alipita saluni kwangu, kavaa gauni la kanisani, akasimama mlangoni bila kuingia. Akaniambia, "Da Vero, wanawake wote wako kwako leo. Wapeleke mapema." Nikamjibu, "Nenda katulie, Mama Nambela. Hawa ni wangu, nitawaleta wote kwa pamoja." (Mkitaka kujua kiburi changu kilivyo, ndicho hicho.)

Ni kweli walikuwa wengi, maana ilikuwa siku ya mapumziko na kila mtu alitaka kusukwa. Rasta zikaniishia mapema, nikavuka chapuchapu kwenda Nakonde, nikasema natotela mukwai, asante yao ya kule, nikarudi na furushi langu na simu yangu mpya mfukoni. Nikakuta umeme umekatika. Redio kimya, simu za wenzangu zinazima moja baada ya nyingine kwa kukosa chaji, inayowaka ni yangu peke yake, nikaisimamisha pale mbele ya kioo kila mtu aione, kwa maringo.

Mnajua rasta zinavyosukwa kwangu. Kichwa kimoja wanakishika watatu, mmoja nyuma na wawili pembeni, na wanaosubiri zamu wanachambua nywele na kupokeza. Mikono imeshikwa, midomo iko huru. Na siku ile mdomo mkubwa kuliko wote, ukiacha wangu, ulikuwa wa Mama Chola, mama lishe wa pale jirani na yadi, aliyekuja na wifi yake na wasichana wake wawili wa jikoni. Wale watatu wanakwenda anakokwenda Mama Chola.

"Mimi Mama Nambela nampenda," alisema, "msibani kwake nilipika siku zote mpaka matanga yakaondolewa. Lakini nikimpa kura nimejipigia kura ya njaa. Ugali wangu unaliwa na nani? Na madereva."

Nikamwambia malori hayafukuzwi Tunduma, yanazungushwa tu barabara ya nyuma, na dereva mwenye njaa atatembea kidogo mpaka kwake.

"Dereva hatembei, Da Vero. Dereva anakula pale alipozima injini. Wewe unasuka vichwa, hujui madereva."

Hapo saluni ikachangamka. Huyu anasema mwenyekiti wa zamani angalau anajulikana, yule anasema anajulikana kwa lipi. Bibi Nasimbeye, mzee wetu, aliyekuja kunyolewa tu, akasema hana ubaya na mwenyekiti mwanamke, ila mjane asiye na mtu nyuma yake wenye yadi watamtafuna asubuhi na mapema. Mwingine akamjibu kwamba wenye yadi wameshamtafuna tayari, wamebakiza nini? Wakaanza upya. Na mimi katikati na kitana changu, namjibu huyu, namkata yule, nasikia raha, sitawaficha, nilikuwa nasikia raha kweli.

Rhoda, aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, akasema, "Jamani twendeni kwanza tukapige, tutabishana tukirudi."

Nikamkandamiza bega arudi kwenye kiti. Nikasema, "Tulia. Tukienda sasa Mama Chola anakwenda kumpa yule mwingine, na watu wake watatu. Tumalizane naye hapa hapa, halafu tutoke wote mguu mmoja watuone." Ndiyo hivyo tu, jamani. Neno dogo namna hiyo.

Bibi Nasimbeye akaikodolea macho simu yangu. "Mjukuu wangu, hiyo ni saa ya kwetu au ya wenzetu?"

Sasa kwa mgeni niseme kidogo. Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa nzima, na sisi tunaoishi karibu na mpaka simu zetu zikinasa mtandao wa ng'ambo zinajirudisha nyuma zenyewe. Mtoto wa Tunduma anajua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu, ndiyo maana tunapanga saa kwa mkono na tunaulizana swali kama la Bibi bila mtu kukasirika. Mimi nilikasirika. Nikamwambia, "Bibi, nimezaliwa hapa, leo unifundishe saa?" Akasema haya, akaangalia pembeni. Simu ilikuwa mpya, sikuwa nimeipanga, na asubuhi ile nilitoka nayo Nakonde. Hilo sikulikumbuka hata chembe, nilikuwa nataka kumshinda Mama Chola.

Na nilimshinda, ingawa si kwa hoja zangu. Ilikuwa katikati ya kelele, mtu akasema mambo ya Fadhili yaachwe, siasa isichanganywe na marehemu, na mimi nikajibu bila kufikiri, "Siku ile nani alimfunika yule mtoto?" Wote wakamgeukia Mama Chola. Alimfunika yeye, kwa sababu banda lake ndilo lililokuwa karibu. Alivua kitenge kiunoni, akabaki na sketi ya ndani mbele ya watu wote.

Akakaa akiangalia vidole vyake. Kisha akasema taratibu, "Kile kitenge walinirudishia kimefuliwa. Sijakivaa tena." Akainuka, akajikung'uta nywele za rasta mapajani. "Haya, twendeni tukampe mama wa watu kura yake."

Nikaangalia simu. Saa tisa imepita kidogo, kituo kinafungwa saa kumi, na kutoka saluni mpaka shuleni hata ukitembea kwa madaha hazizidi dakika kumi. Tukatoka kumi na mmoja, tunaimba pambio, mimi mbele, Rhoda na kichwa chake nusu hakutaka hata kilemba, akasema waache wanione. Nilijisikia mtu mkubwa sana.

Geti la shule limefungwa. Nje umati umesimama kusubiri matokeo, ndani polisi mmoja anatembea taratibu. Nikagonga bati kwa kiganja. "Afande, tufungulie, tuna karibu saa nzima hapa."

"Kituo kimefungwa, mama. Saa kumi imepita."

Ningenyamaza pale. Lakini mimi ni Vero, nikainua simu juu kabisa kila mtu aione, nikaanza kuhutubia, kwamba hii ni hujuma, kwamba wameona wanawake wanakuja wakafunga mapema, kwamba saa hii hapa saa tisa na dakika kumi na tano, someni wenyewe. Mwanaume mmoja aliyekuwa karibu akanyoosha shingo, akaisoma kweli. Akasema, "Dada, hiyo saa ya Nakonde."

Kisha mtu wa nyuma akasema, "Basi mkapige kura huko huko," na umati mzima ukaangua kicheko, wanaume kwa wanawake, wanaomtaka Mama Nambela na wasiomtaka. Nilishaelewa kabla kicheko hakijaanza, lakini mdomo ukaendelea kubishana peke yake mpaka msimamizi wa kituo akatoka. Laiti angenifokea. Alinieleza kwa upole kwamba kila aliyekuwa kwenye foleni saa kumi ilipofika alipiga, na aliyefunga foleni alikuwa mzee mmoja wa magongo aliyejikongoja mwenyewe. Akasema pole mama. Bibi Nasimbeye, nyuma yangu, akaiangalia tena ile simu mkononi mwangu. Rhoda akavua kanga akajifunika kichwa akaanza kulia.

Mama Nambela alikuwa amesimama kwenye uzio na gauni lake la kanisani. Aliniona tangu mwanzo wa hotuba yangu.

Matokeo yalisomwa pale pale jua likiwa linazama. Alishindwa kwa kura saba. Watu wakashangilia, wengine wakaguna, halafu nikaona mama mmoja ametugeukia anatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, na sisi tukasimama tu tukimwacha atuhesabu mpaka mwisho. Mama Chola akasema, "Wanne ni mimi na watu wangu," akaondoka bila kuniaga.

Yadi imeongezwa. Januari Mama Nambela alianza kumpeleka Tumaini shule akiwa amembeba mgongoni, mtoto wa darasa la kwanza mwenye sare, miguu inaning'inia, wanapita wamebanana na ukuta mpaka lori lipite. Wiki ya pili akauza mitumba yake yote, akatangaza anahamia Msangano kwa kaka yake, akalime. Nikaenda kwake, nikapiga magoti mlangoni, sikuweza kuingia. Nikamwomba msamaha kwa maneno mengi kama ilivyo kawaida yangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sina hasira na wewe, Da Vero," akasema. "Ningekuwa na hasira ningebaki."

Tangu siku hiyo nimejiwekea sheria, na wateja wangu wanaijua. Siku ya kura saluni haifunguliwi. Mwenye hoja aje nayo kwenye foleni, tubishane tumesimama kwenye mstari, na tukifika mbele kila mtu aingie na lake, hata kama ni baya. Sitamzuia tena mtu mwenye mguu wa kwenda, eti mpaka nimshinde mwenzake. Najua haisaidii kitu sasa. Naishika hivyo hivyo.

Kabla ya safari Mama Nambela alimleta Tumaini nimsuke, akamwacha kwangu akaenda kufunga mizigo. Nilimsuka peke yangu, polepole, mistari midogo ya kukaa muda mrefu maana sikujua kule atasukwa na nani. Mtoto alikuwa ametulia, anakula andazi. Akaniuliza, "Anti, Msangano kuna malori?"

Nikamwambia huko ni mashambani, ni matrekta na baiskeli tu.

Akafikiri. "Basi nitakuwa naenda shule mwenyewe," akasema, "kama kaka Fadhili."