Ansab, kwa Bi Muhsina

Bi Muhsina binti Mahfoudh bin Jaifar, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Ansab, Maskati. Baba yake alichimba kisima kwa mikono yake, akakataa kukitia kufuli. Mama yake alisusa harusi ya tajiri mpaka bibi harusi aulizwe kama anataka. Yeye mwenyewe alifika Maskati na cherahani, wanawake wa mtaani wakamcheka Kiarabu chake. Akawashonea nguo wao na waume zao, na Kiswahili chake hakukiacha.

Kwao, mtoto wa kwanza hulelewa na bibi. Binti yake, Jawaher, raia wa Oman, aliolewa Unguja na Hisham. Akaja Ansab kujifungua, akakaa arubaini yake, akarudi kwa mumewe. Mtoto, Reem, akabaki kwa bibi. Hapo ndipo alipoota meno, ndipo aliposoma mpaka akamaliza skuli, na alama za kujivunia.

Sasa, chuo kimoja cha serikali kilikuwa na utaratibu wake: mtoto wa mama wa Kiomani, maadamu anaishi nchini, husoma bure kama wenyeji. Anayeishi nje hulipa. Reem akaambiwa alipe, yeye mgeni.

"Mgeni wa nani?" Bi Muhsina akatupia abaya yake, wakaenda.

Karani, binti akiitwa Alaa, alikuwa mpole, na Kiswahili akikijua. "Ummi, baba yake ndiye aliyejaza fomu mtandaoni. Kaandika makaazi Zanzibar. Asahihishe yeye."

Bi Muhsina alielewa papo hapo. Hisham kaona haya watu wasome kuwa mwanawe analelewa ukweni, kana kwamba yeye hana nyumba. Akampigia simu pale pale, akaifungulia sauti kila mtu asikie.

"Hisham, mwanao anaishi wapi?"

"Shikamoo, mama. Ah... yupo hapo kwako, kwa muda tu..."

"Muda gani huo, baba? Wa kuota meno au wa kuota chunusi?"

Reem akajifunika uso kwa shela. Alaa akainama, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Mama, mbele za watu..."

"Mbele za watu ndipo nnapotaka! Mie sikumwiba, wala wewe hukumtupa. Ulinipa kwa heshima, nikamlea kwa heshima. Haya zako zisimtoe mtoto kwao. Sema!"

"Ansab, mama. Anaishi Ansab, kwako. Nasahihisha sasa hivi."

"Marahaba," akasema Bi Muhsina. Ndiyo kwanza anaitikia ile shikamoo.

Hawakutoka pale mpaka Reem alipohesabiwa miongoni mwa wenyeji. Reem akalia. Bibi yake hakulia. Alikuwa akimfikiria Ruba, mtoto wa kwanza wa mwanawe wa Salala, anayelelewa nyumba ile ile.

"Ruba anaanza skuli," akamwambia Reem garini. "Wa kwenda kumwandikisha ni wewe, si baba yake. Wakikuuliza anaishi wapi, usiinamishe macho. Sema Ansab, kwa Bi Muhsina. Na usimame hapo hapo mpaka waandike."